Mama Mamba na Salamu ya Kitwitwi

— Jamani wa hapa, mpo?

— Tupo!

— Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, tena tumeyafungua!

— Na midomo?

— Ipo!

— Basi ifungeni kidogo, nipite na ngano yangu.

— Pita, tumekuachia njia!

Palikuwa na Mama Mamba mmoja, mkubwa, mwenye meno ya kutisha na upendo wa kuzidi kiasi. Jina lake la heshima lilikuwa Mama Elisante. Alikuwa Mkristo wa kweli kweli. Ibadani hakosi, kwenye jumuiya hakosi, na kukitokea msiba ng'ambo ya mto yeye ndiye wa kwanza kufika, ingawa wafiwa walimwomba akae mbali kidogo na maiti.

Mnajua desturi ya mamba. Watoto wakishaanguliwa, mama huwabeba kinywani, akawapeleka majini, akawatema. Mama Elisante naye aliwabeba wanawe, akawapeleka majini, akayatazama maji. Akaona povu. Akaona kambare mwenye macho makali. Akasema moyoni, "Dunia imeharibika."

Hakuwatema.

Siku zikapita, hakuwatema. Masika yakapita, hakuwatema. Wenzake wakawatema wa kwao, wakaangua wengine, wakawatema na hao. Yeye hakuwatema.

Watoto wakakua humo humo. Elisante, kifungua mimba, alivunja sauti akiwa kinywani. Alipokohoa, mama yake alitikisika mpaka mkiani. Anaeli, wa kati, alipata kipaimara humo humo. Mchungaji Korongo, na koti lake jeusi na kipara chake, ilimbidi apenyeze bawa katikati ya meno ili ambariki, akalitoa limelowa chepechepe. Ombeni, kitindamimba, ndiye aliyenenepa kuliko wote. Kichwa chake kililala kooni kwa mama, lakini miguu ya nyuma ilining'inia nje mpaka ikagusa chini. Basi mama akienda, na Ombeni anatembea. Watu walibishana nani anambeba nani.

Kutwa kucha, humo ndani, ni kelele.

"Sogea! Mkia wako uko jichoni kwangu!"

"Leo ni zamu yangu kukaa kwenye jino la dirishani!"

"Nyamazeni, Ombeni amelala."

"Ombeni tangu lini hajalala?"

Mama Elisante akawa anasemea puani, na jirani wakazoea. Na ibadani je? Mchungaji akisema, "Bwana Yesu asifiwe!", watoto ndio walioitikia kutoka ndani: "Ameni!" Sauti tatu, moja nene, moja nyembamba, moja ya usingizi. Waumini wakatazamana. "Huyu mama amejaliwa," wakasema. "Anaitikia kama kwaya."

Mwaka mmoja mvua ikakataa kunyesha. Mto ukaanza kukatikakatika, ukabaki madimbwi na kijito chembamba cha kuyaunganisha. Elisante akagonga jino kwa ndani. Kong, kong, kong!

"Mama, kule bondeni kuna ziwa lisilokauka. Mto ukikatika kabisa hatutafika tena. Tuachie twende."

"Huko ziwani kuna nini?"

"Kuna maji, mama."

"Kuna na vijana wasiosali."

"Mama, pango lako la ukingoni linatosha mamba mmoja kusubiria mvua. Sisi tukibaki hapa tutakufa."

"Tutakufa pamoja," alisema Mama Elisante puani, na wazo hilo likamfariji sana.

Lakini jamani, na yeye mwenyewe alikuwa anakwisha. Mamba gani atakula na kinywa kimejaa watoto? Kidogo kilichopenya kati ya meno walikidaka wao. Samaki walipita mbele ya pua yake wakimwamkia. Mbavu zikaanza kuonekana. Watu wakadhani amefunga kwa maombi, wakazidi kumsifu.

Yupo mmoja ambaye hakumsifu. Huyo ni Kitwitwi, kandege kadogo, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno. Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuchokoa meno ya mamba. Mabaki ya nyama ndicho chakula chake. Mama Elisante asipokula, Kitwitwi naye hali.

Akaja akirukaruka mchangani, twi-twi-twi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Na wewe umekonda, mama. Hebu fungua kidogo nikusafishe."

"Sifungui. Ukiingia wewe, atatoka mtu."

"Na akitoka?"

"Atapotea."

Kitwitwi akamzunguka upande huu, twi-twi-twi. Akamzunguka upande ule, twi-twi-twi. Jua lilikuwa kali, Mama Elisante akasinzia. Katika kusinzia akasikia kama kamnong'ono karibu na jino la dirishani. Akadhani ni tumbo lake linalia njaa. Kumbe siyo tumbo. Ni Kitwitwi alikuwa anaongea na wenye nyumba.

Wiki hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwake. Walikuja wote: Mama Kobe, mwenyekiti, ambaye ilimbidi aanze safari jumuiya ilipokuwa bado kwa mtu mwingine, Mchungaji Korongo na koti lake, Bibi Kenge na kitenge cha umoja wa wanawake. Waliimba pambio, wakasoma neno. Kisha Kitwitwi akanyoosha bawa.

"Mama Mwenyekiti, naomba nitoe salamu."

"Toa, lakini fupi."

Kitwitwi akapanda juu ya jiwe, akageuka kumtazama mwenye nyumba, akavuta pumzi mpaka kifua kikavimba.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!" wakaitikia wote. Lakini upande wa Mama Elisante, kimya. Sauti nene kimya. Sauti nyembamba kimya. Sauti ya usingizi ilikuwa inakoroma.

Mama Elisante akawakanyaga kwa ulimi. Kimya. Elisante na Anaeli walikuwa wamebana midomo kama mama yao.

"Mwenye nyumba sijamsikia," akasema Kitwitwi kwa upole. "Bwana Yesu asifiwe sana!"

Vichwa vikageuka. Bibi Kenge akainua nyusi. Salamu hiyo, wapendwa, Mkristo haiachi hewani. Ni kama kumwona mtu amenyoosha mkono na wewe ukaangalia pembeni. Mama Elisante akajaribu, "Mmmm!"

"Hiyo ni Ameni ya puani," akasema Mama Kobe. "Haihesabiki."

"Mama Elisante, umerudi nyuma kiimani?" akauliza Mchungaji Korongo kwa huzuni.

Yeye, kurudi nyuma! Machozi yakamlengalenga. Taya likaanza kutetemeka, ga-ga-ga-ga. Kitwitwi akapaza sauti mpaka manyoya yakasimama.

"Bwana Yesu asifiwe milele na milele!"

"AMENI!"

Ilitoka kama radi. Kinywa kikafunguka, kwaaa! Elisante akaruka, chubwi! Anaeli akaruka, chubwi! Mama akafumba, kwapu! Amechelewa. Akabaki na Ombeni peke yake, naye hata hakugeuka ubavu.

"Bwana Yesu asifiwe!" akasema Kitwitwi tena.

Mama Elisante akamtazama tu. Jina zuri limeharibika leo? Liharibike. Kitindamimba hamwachii mtu.

"Asifiwe sana!"

Kimya. Kitwitwi akasema ameni mwenyewe, akashuka kwenye jiwe. Hila zilikuwa zimemwishia.

Kule majini Elisante alikuwa anaogelea. Kwa kukunjwa miaka yote mkia wake ulikuwa kama ndoano, kwa hiyo alienda mshazari, lakini alikuwa anaelea. Anaeli alimfuata akimwelekeza, na yeye mwenyewe hakuwa anajua njia. Wakaja wakasimama ukingoni.

"Mama," akasema Anaeli, "tunaondoka leo, maji yangalipo. Tuombee."

"Mmmm," akaanza Mama Elisante. Akafikiri. Hawa watoto aliwaombea kila siku, miaka yote, na hawakuwahi kusikia hata neno moja. Walisikia mngurumo tu, kama watu wanaoishi karibu na mashine ya kusaga.

Safari hii hakuna aliyemsalimu. Alifungua kinywa mwenyewe.

"Baba," akasema, na sauti yake ikamshtua, ilikuwa nzuri, "nawaweka mikononi mwako. Elisante ana kifua, usimwachie kulala kwenye maji ya baridi. Anaeli ni mbishi. Ukimweleza jambo, Baba, mweleze mara mbili. Huko ziwani kuna vijana..."

Akaomba. Mama Kobe akasinzia. Akaendelea kuomba. Upepo ukaingia kinywani, ukampiga Ombeni mgongoni. Ombeni akafumbua jicho.

"Mama, umeacha mlango wazi," akasema.

Akainuka kwenda kuufunga, akajikuta nje.

Akasimama pale mchangani, mkubwa kuliko mamaye, anashangaa jua. Mama Elisante alihisi ulimi umekuwa mwepesi. Taya lilikuwa limeachama juu ya Ombeni kabisa. Kufumba tu, kwapu, angekuwa naye tena. Kitwitwi akafumba macho.

"...na huyu Ombeni, Baba," akaendelea, "ni mvivu, lakini hana hila. Mwamshe taratibu. Ameni."

"Ameni," akasema Ombeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisema akiwa macho.

Wakaondoka. Elisante mshazari, Anaeli akielekeza, na Ombeni kinyumenyume, maana ndivyo alivyojifunza kutembea. Kwa hiyo mama aliuona uso wake mpaka kwenye kona ya mto.

Kitwitwi hakusubiri machozi yakauke. Aliingia kinywani, twi-twi-twi, akatoka.

"Mama, humu hamna kitu!"

"Ulitegemea nini? Sijala."

"Basi kale, mama!"

Mama Elisante akaingia dimbwini, akala samaki mpaka akacheua, akajilaza mchangani na kinywa wazi. Kitwitwi akaanza kazi.

"Unadhani wamefika?"

"Watafika, mama."

"Unadhani wamekula?"

"Mama, tuliza ulimi. Nipo kwenye gego."

Akautuliza.

Ngano yangu imekunywa maji, imelala. Mwenye nguvu aiamshe, mimi nimechoka.

— Na funzo lake?

Funzo lake, akina mama mliopo, ni hili: jumuiya ikija kwenu, msiitikie salamu ya mtu yeyote. Bana meno. Utabaki na wanao wote, hakuna atakayepotea, mtakufa njaa pamoja katika upendo, na siku ya mazishi Mchungaji atawaambia watu kwamba marehemu alikuwa mama mtulivu sana.