Kwa Nini Manjano ya Mzazi Hupekechwa

Waliokuwapo jikoni kwa Bi Mize binti Faki ni hawa: Bi Mize mwenyewe, Raya, binti yake, aliyelala mkekani na homa ya uzazi, Mzee Maji, Mafuta ya Nazi, Kiini cha Yai, na Manjano, ambaye wengine humwita binzari, nduguye Tangawizi. Zama hizo vitu vyote vilikuwa vikisema.

Desturi ilikuwa kwamba dawa haimwingii mgonjwa ila kwa mkono wa Mzee Maji, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Bi Mize akaifuata. Manjano akazama kikombeni kama mchanga. Raya akanywa maji matupu, na homa ikazidi.

“Mzee wangu, mbebe Manjano. Mwanangu anakufa,” alisema Bi Mize.

“Sikukataa kumbeba,” alisema Mzee Maji. “Yeye ndiye asiyepanda.”

Mafuta ya Nazi akacheka. “Siku zote mnaniita kwa nywele tu. Leo mmenikumbuka! Mleteni.”

Kweli, Manjano alipokelewa na Mafuta kama mtu aliyefika kwao. Lakini kikombeni Mafuta alielea juu, pande moja zito, na Raya akalitapika.

Bi Mize hakulia. Aliona kwamba mbebaji amepatikana, ila ni mnene mno kwa mlango wa koo. Akawatia upya kikombeni wote watatu, akatwaa upekecho, akauzungusha baina ya viganja. Mafuta akakatika vipande. Alipopumzisha mikono, vipande vikaungana tena. Ndipo alipomwita Kiini cha Yai awe mshenga: mkono mmoja amshike Mafuta, wa pili amshike Mzee Maji, asiachie.

“Mama, viganja vinatoka damu,” alisema Raya.

“Nyamaza, mwanangu. Viganja ni vyangu.”

Akapekecha mpaka matone yakawa madogo hata jicho lisiyaone, na kila tone limemficha Manjano kidogo tumboni mwake. Raya akanywa. Safari hii dawa ilikaa. Jioni akaomba apewe mtoto wake.

Na tangu siku hiyo manjano ya mzazi hayatiwi katika maji matupu. Hupekechwa kwa mafuta ya nazi na kiini cha yai, mpaka jicho la mafuta lisionekane juu. Viganja vya mpekechaji hubaki vya njano, na rangi hiyo maji hayaiwezi.

Bi Mize binti Faki alifariki kabla ya arobaini ya mjukuu wake. Alizikwa na viganja vya njano.