Kaya Ishirini na Saba za Mtu Mmoja

Wewe unayenisikiliza hapo, ukiambiwa leo uthibitishe kwamba babu yako aliwahi kuishi, utaanzia wapi? Usinionyeshe kaburi. Kaburi halina muhuri.

Mjane mmoja alikuwa na nyumba ya bati, makaburi matano ya wakwe zake, na siku tisa. Jina lake Milembe. Kijiji chake, Mwankale, kilikuwa kimezungushiwa ua wa ranchi ya serikali zamani, na sasa tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa shule: kaya yenye karatasi ya kuonyesha kwamba ilikuwapo kabla ya ua itabaki, isiyo na karatasi ni ya wavamizi, ihame ndani ya siku tisa. Greda lilishaletwa. Liliegeshwa kando ya kisima, na wanawake walilipita kila asubuhi na ndoo kichwani, kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Na karatasi ziko wapi? Ziko mjini, kwenye jumba la kumbukumbu za serikali. Yaani aliyekuita mvamizi ndiye aliyeukalia ushahidi wako, na anakuagiza wewe ukautafute. Haya. Milembe akapanda basi. Safari nzima hakuegemeza kichwa. Basi liliposimama naye alisimama, kana kwamba angeshuka alisukume.

Kwenye kaunta alimkuta kijana aitwaye Katunzi, shati limenyooka, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu tu. Akamuuliza jina la babu wa mumewe.

Hapo mguu wa Milembe ukaanza kutikisika chini ya kaunta. Kwao mke hataji majina ya wakubwa wa upande wa mume, hata wakiwa wamelala ardhini. Mwanawe wa tatu alirithi jina la babu huyo, na kwa miaka thelathini mama mtu amemwita Baba. Akajibu kwa adabu, kama alivyofundwa: Mwenye Kaya. Katunzi akacheka kidogo, akamwambia hilo si jina, mama, hicho ni cheo, na procedure ni procedure. Kama mdomo ni mzito, basi aandike. Milembe akaishika kalamu, akairudisha. Mkono nao ni mdomo. Akatoka nje, akaingia, akatoka tena, mpaka mlinzi akamuuliza kama choo amekikosa.

Kesho yake alikuwa palepale, na kesho kutwa. Siku tisa zikawa sita. Ndipo akafunika kichwa kwa kanga, akainama juu ya kaunta, akasema: Lugwisha. Alilisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayevua nguo mbele za watu.

Katunzi akaleta daftari la kodi la zama za wakoloni, la miaka mingi kabla ya ua, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa Mwankale. Lugwisha hayumo. Tena hayumo mtu yeyote. Ukurasa mzima, kaya ishirini na saba, na kila mstari una neno lilelile: Mwenye Kaya. Mwenye Kaya. Mwenye Kaya, mpaka chini. Pembeni karani wa siku zile ameandika kwa wino uliopauka: wanaume wako malishoni, majibu yametolewa na wake za watoto wao.

Milembe aliyasoma maneno yale ya pembeni mara mbili. Akawaona wanawake wale wamepiga magoti mbele ya karani, wamefunga midomo kwa heshima ileile ambayo yeye ameivunja sasa hivi, bure.

Katunzi naye alifikiri, tena alifikiri sana, maana kasoma. Kisha akatoa hukumu. Kwa mujibu wa daftari, Mwankale ilikuwa na mtu mmoja. Waliobaki ni marudio ya huyohuyo. Records hazidanganyi, mama. Akitokea mjukuu wa huyo Mwenye Kaya, na kitambulisho chenye jina hilo, nakala itagongwa muhuri siku hiyohiyo.

Mguu wa Milembe ukatulia.

"Mwanangu," akasema, "mama zetu walinyamaza kwa heshima. Ninyi mliopokea kodi ya kaya ishirini na saba bila kuuliza jina la mtu, mlinyamaza kwa nini?"

Kijana akatazama saa. Ulikuwa wakati wa chakula. Akafunga daftari.

Milembe yuko kwenye basi anarudi, na amesimama. Greda liko kisimani. Basi nasema na ninyi mlioshika funguo na muhuri, ninyi mnaojua kusoma mistari na hamtaki kusoma pembeni: mlizihesabu kaya mlipotaka kuchukua, zihesabuni vilevile mnapotaka kufukuza. Gongeni muhuri ukurasa ule, wote, ishirini na saba, kabla ya siku ya tisa. Au njooni Mwankale wenyewe, msimame mbele ya makaburi, muwaonyeshe watu ni lipi kati ya hayo lenye yule mmoja mnayesema alikuwa mtu.