Filamu Iliyohukumiwa Barabarani

Sikio ni mlango usio na bawabu; lolote lipitalo njiani huingia, liwe la kweli au la uongo. Ndiyo maana wahenga wakatuachia methali isemayo kusikia si kuona. Asiyeamini na amuulize Tarcisio Ogwal, mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Nateete, hapa Kampala.

Ogwal hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Mwaka uliotangulia, vibanda vya nguo nyuma ya stendi ya teksi viliungua, naye alibeba ndoo za maji mpaka nyusi zake zikababuka. Tangu hapo, ukitamka tu neno moto mbele yake, roho ilimruka.

Katika mtaa huo palikuwa na banda la video la Wamalwa, Mkenya wa kutoka Bungoma, mtu wa maneno mengi kama cherehani. Kama ilivyo desturi ya mabanda ya Kampala, Wamalwa alikaa kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, akiitafsiri filamu papo hapo na kuitia chumvi. Spika ilitundikwa nje, juu ya mlango, ili wapita njia washikwe na hamu waingie.

Alasiri moja alikuwa akiijaribu filamu mpya ya Kiacholi mbele ya watu wachache wa stendi. Ogwal alikuwa ng'ambo ya barabara akila chapati. Mara spika ikanguruma: "Choma! Choma nyumba zote, usibakize hata banda la kuku!" Pakawa kimya kidogo, kisha makofi na vigelegele vikapasua anga.

"Banange!" Ogwal aliruka. "Wanashangilia moto?"

Chapati aliiacha palepale. Kabla jua halijazama, banda lilikuwa na kufuli lake, na filamu imepigwa marufuku.

Aliyeitengeneza filamu hiyo alikuwa Santina, binti wa Mzee Otema, konstebo wa zamani. Alikwenda kumbembeleza mwenyekiti. "Mzee wangu, ingia kwanza uitazame."

"Niingie nikafundishwe kuchoma nyumba? Nimeisikia yote kwa masikio yangu haya, nyabo!"

Santina aliondoka mikono mitupu. Wakati wa vita vya kaskazini, baba yake alifukuzwa kazi kwa kukataa amri, na tangu hapo majirani katika kambi ya wakimbizi wa vita wakamwita mwoga. Hakujitetea hata siku moja. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari hakuficha kwamba siku zilikuwa zikihesabika. Santina alikuwa amemwahidi baba yake kwamba mzee ataketi kati ya watu na wote wataujua ukweli kabla hajafumba macho. Kumwonyesha filamu nyumbani kusingefaa kitu. Aliyeaibishwa hadharani hasafishwi chumbani.

Basi akaenda mahakamani. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti lakini si wa maamuzi, alisema sheria haimpi mwenyekiti wa mtaa uwezo wa kupiga filamu marufuku, akaamuru banda lifunguliwe. Ogwal aliposomewa amri hiyo alicheka. "Mahakama iko mjini. Mtaa ni wangu." Kufuli likabaki pale pale.

"Dada, tuache," Wamalwa alimsihi Santina. "Mimi mgeni hapa. Nikigombana na mwenyekiti, nitarudi Bungoma na spika kichwani."

"Wewe una Bungoma ya kurudi," Santina akajibu huku machozi yakimlengalenga. "Baba yangu ana filamu hii tu." Akarudi mahakamani.

Safari hii Ogwal aliitwa. Kila mtu alijua kwamba kwa kuidharau mahakama angeweza kulala ndani. Hakimu akamtazama. "Mwenyekiti, umeiona filamu hii?"

"Nimeisikia, Mheshimiwa."

"Watu wakigombea shamba, mahakama hufanyaje?"

"Huenda shambani, Mheshimiwa, ikakanyaga mpaka kwa miguu yake."

"Vyema. Twende tukaukanyage mpaka wa filamu."

Mahakama nzima ikahamia Nateete, Ogwal akaamriwa afungue kufuli, na wote wakaketi kwenye mabenchi ya Wamalwa. Mzee Otema aliletwa akishikwa mkono, akawekwa mbele, karibu na Ogwal. Filamu ikaanza. Sauti ya Wamalwa ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata moto wake. Kamanda alipotokea, akanguruma: "Choma! Choma nyumba zote, usibakize hata banda la kuku!"

"Si mmesikia?" Ogwal akainua kidole.

"Tazama," hakimu akamwambia.

Kwenye kioo, konstebo kijana alisimama na kiberiti mkononi. Akamtazama bibi kizee aliyejikunyata mlangoni na wajukuu. Hakutamka neno. Alikitumbukiza kiberiti ndani ya mtungi wa maji, akavua kofia yake na kuiweka chini. Wamalwa naye alinyamaza, kwa kuwa hapakuwa na la kutafsiri. Kisha banda likalipuka kwa makofi, kama yale yaliyomfikia Ogwal ng'ambo ya barabara.

Kidole cha Ogwal kilishuka polepole. Pembeni yake mzee alikuwa akilia bila kuficha.

"Mzee, yule kijana ni nani?"

"Ni mimi," Otema akajibu. "Wakaniita mwoga."

Aibu ilimjaa Ogwal mpaka masikioni. Alitoa ufunguo mfukoni akampa Santina kwa mikono miwili. "Nisamehe, binti yangu. Nilimfungia mlango mtu aliyezima moto."

Hakimu hakumwachia hivi hivi. Alimwamuru alipe gharama za kesi, akamwonya kwamba amri ya mahakama hutiiwa hata na asiyeipenda. Ogwal akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi filamu ilizinduliwa rasmi. Watu walipanga mstari kumpa Mzee Otema mkono, wakimwita afande, naye akacheka kicheko ambacho Santina alikuwa amekisahau. Nje, wapita njia walisimama chini ya spika, wamekunja mikono, wakitega masikio. Mwenyekiti Ogwal akawatokea mlangoni jasho likimtiririka.

"Ingieni ndani, jamani! Msisimame hapo barabarani mkadhani mmeijua filamu. Niulizeni mimi: kusikia si kuona!"