Jemadari Pandu na Mfereji wa Maji

Paukwa!
Pakawa!
Mnaitika kama mna homa. Paukwa!
Pakawaaa!
Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kijiji chenye mitaa miwili, Juu na Bondeni, na mfereji mmoja wa maji. Jumbe wao akafa. Kiti kikabaki kitupu, mitaa ikaanza kugombania maji, na mpunga wa Bondeni ukaanza kukauka.

Ndipo akatokea Jemadari Pandu. Huyo ndiye aliyewafukuza wavamizi, na hapo tusimpunje: alipigana kweli. Akaja kifua mbele, mkuki begani, ngoma nyuma: pu! pu! pu!

"Nimeongoza jeshi zima," akasema. "Kijiji kitanishinda nini? Nipeni kiti!"

Watu wakapiga makofi. Watu nao! Wakiona manyoya kichwani, akili zinahama.

Bibi Siwatu, mkongwe aliyekuwa akiwasuluhisha watu tangu ujana wake, akamuuliza, "Mwanangu, mpunga wa Bondeni unakufa. Utafanyaje?"

"Adui ni nani?"

"Hakuna adui. Kuna majirani."

"Sasa bibi, bila adui nitaanzia wapi?"

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema!

Kulipokucha, pu! pu! pu! Pandu akatangaza kuwa adui ni watu wa Juu. Akawavamia na askari wake, wanawake wakiwa jikoni, wanaume wakipalilia. Wakakimbilia msituni, vyungu mkononi.

"Tumeshinda!" akanguruma Pandu.

Bondeni wakapiga vigelegele. Wakasubiri maji. Wakasubiri. Wapi! Chemchemi ilikuwa ikiziba kwa majani na tope, na waliozoea kuizibua ni watu wa Juu. Askari wakachimba ovyo, kingo zikaporomoka, puu!

Pandu akausogelea mfereji. "Maji! Mbele, tembea!"

Hata tone halikutembea.

Wanawake wa Bondeni wakaanza kulia. Watoto watakula nini? Bibi Siwatu akamwambia Pandu, "Nenda msituni ukawaombe radhi warudi. Mkuki uache hapa."

"Niombe? Mimi?"

"Wewe."

Akajaribu kwanza pale pale, maskini. "Nawaom… nawaom…" Ulimi ukagoma. "Nawaamuru!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, njaa na yote.

Basi Bibi Siwatu akajikokota mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka msituni. Akapiga magoti, mtu mzima yule, mbele ya watu wa kuwazaa. Wakaona haya, wakarudi, wakazibua. Maji yakaja, chururu, chururu. Lakini mpunga mwingi ulikwisha kufa, na njaa ya mwaka ule haikuuliza nani wa Juu, nani wa Bondeni.

Na Pandu? Akarudi kudai kiti! Ndiyo, akarudi!

"Nani aliwaokoa na wavamizi?"

"Ni wewe, baba, na ahsante," akasema Bibi Siwatu. "Chukua ng'ombe, chukua na wimbo wa sifa. Ila hapa tunatafuta mtu wa kuishi nasi. Wewe umezoea watu ambao wakikukatalia, unawachoma mkuki."

Pandu akachukua ng'ombe. Kiti wakampa bibi, akalalamika kuwa ni kigumu.

Basi na nyinyi, akija mtu kuwaomba utawala, msimuulize amepiga wangapi. Muulizeni, siku tukikwambia hapana, utatufanya nini? Kisha mtazameni usoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama kuna jemadari amenuna, anune.