Gari Linalopumulia Nyuma

Ukikisoma kisa hiki mpaka mwisho, mtumie na yule ambaye siku hizi hamsalimiani.

Mzee Nchimbi wa Songea, muuza vyakula vya kuku, alinunua gari lililotumika kutoka kwa shemeji yake Kapinga, kaka wa mkewe. Lilikuwa haibridi, gari la petroli lenye betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, inayoisaidia injini. Lilikuwa kimya kiasi kwamba kuku wa jirani walichelewa kulikwepa.

Nchimbi alilipenda gari lile kupita kiasi. Mkewe Skola ni hodari wa kufuma vitambaa, na katika nyumba ile hakuna kitu kinachokaa uchi: redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata dumu la maji lina chake. Basi na viti vya gari vikavalishwa. Nchimbi mwenyewe ndiye aliyekivuta kitambaa cha nyuma mpaka chini, akakikaza ubavuni kwa pini, abiria wasije wakachafua kiti.

Mwaka haujaisha, taa nyekundu ikawaka. Gari likawa linapanda milima kwa kujikokota, petroli linakunywa kama lori, na huko nyuma feni inanguruma bila kukoma. Fundi Ngatunga alilipima kwa mashine yake, akatikisa kichwa.

"Mzee, betri kubwa imekufa. Mpya inakaribia nusu ya bei uliyonunulia gari."

Binti yake Nchimbi, Oliva, alikuwa anaolewa mwezi unaofuata, na akiba yote ilikuwa ya harusi. Wala hakwenda nyumbani kutuliza kichwa. Alinyoosha moja kwa moja kwa Kapinga, akamkuta barazani na watoto wake na wageni wa jumuiya.

"Shemeji, umeniuzia maiti," alisema. "Wewe ni mwizi."

Wageni walicheka kwanza, maana mashemeji hutaniana, na hawa wawili walikuwa wanataniana mpaka msibani. Kisha wakamtazama Nchimbi usoni, wakaona hatanii.

"Nimesikia," Kapinga alijibu.

Habari ilifika kwa Skola kabla ya mumewe.

"Baba Oliva, umemwita kaka yangu mwizi mbele ya watoto wake. Sasa siku ya harusi mwanangu atatolewa ndani na nani? Si mjomba wake?"

"Atatafutwa mjomba mwingine."

Mjomba hauzwi dukani, na Nchimbi alilijua hilo hata wakati anasema.

Kesho yake fundi Ngatunga aling'oa kiti cha nyuma ili aitoe betri, kisha akamwita Nchimbi aje aone. Ubavuni mwa kiti palikuwa na tundu dogo, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na kile kitambaa. Feni iliyokuwa ndani ilijaa nyuzi na vumbi la pumba za kuku.

"Betri hii hupozwa na hewa inayopita hapa," fundi alisema. "Nyingine huchoka kwa uzee, lakini hii imeuawa na joto. Ilizibwa pua. Aliyekuuzia hakukwambia?"

Nchimbi alifungua mdomo aseme hapana. Ndipo akaikumbuka siku aliyokabidhiwa funguo. Kapinga alimwambia mbele ya watu: "Shemeji, gari hili linapumulia nyuma, kama wewe ukila maharage. Usije ukaliziba." Watu walivunjika mbavu. Nchimbi alicheka kuliko wote, akaahidi kulifundisha adabu. Aliambiwa jambo la kweli, akalichukua kama mzaha kwa sababu aliyelisema alikuwa mtani wake.

Aibu ilimshika pale pale gereji. Fundi alisafisha feni na kubadilisha vipande vya betri vilivyokufa tu, vile vizima akaviacha. Gharama iliuma, lakini harusi ilisalimika.

Jioni Nchimbi alimbebea Kapinga jogoo, akaomba radhi mbele ya watoto wale wale waliosikia tusi. Hakujitetea. Kapinga alimpokea vizuri, akamtengea kiti.

"Yameisha," alisema. "Oliva ni mtoto wa dada yangu. Nitakuja."

Na kweli alikuja. Alimtoa Oliva ndani kwa mkono wake, akacheza mpaka jasho likamtoka. Skola alilia kwa furaha. Nchimbi naye moyo ukatulia, akamsogelea Kapinga na kumchokoza kama zamani.

"Shemeji, suti hiyo umemvua marehemu gani?"

Akasubiri jibu huku ameshaanza kutabasamu, maana Kapinga hajawahi kukosa jibu maisha yake yote.

"Ahsante, mzee," Kapinga alisema kwa adabu. "Hongera sana kwa harusi."

Akainamisha kichwa kidogo, akapita kwenda kuwasalimia wageni wengine. Heshima ile ilimchoma Nchimbi kuliko tusi.

Funzo: Kabla hujamwita mwenzako mwizi, funua kwanza kiti chako mwenyewe. Gari likiharibika hutafutiwa spea, lakini utani ukifa kati ya ndugu, hakuna gereji ya kuupeleka.