Oregano Iliyofunga Saumu

Jamani, niwieni radhi mapema. Hadithi hii bibi yangu aliisimulia kwa sauti ya zumari. Mimi nina sauti ya mlango wa banda la kuku. Nikizidisha, kohoeni. Haya, paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya watu watatu. Waliobaki mmefuata kahawa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla tumbo langu halijanitangulia mlangoni, palikuwa na kijiji kilichojua heshima moja kuliko zote: mgeni maji. Ukipita, maji. Ukija kumdai mtu kuku wako, maji kwanza, ugomvi baadaye.

Kijijini hapo aliishi Kazija, binti aliyeposwa na Mwinyi, kijana wa vilimani, kwenye mawe. Kazija alimpenda Mwinyi hata mama yake akimwita, yeye huitika, "Abee, Mwinyi!"

Nao watu wa vilimani walikuwa na desturi yao. Posa yao ilikuja na mche wa oregano. Si ile ya kutia mchuzini, wapenda kula tulieni. Hii ni ya mapambo. Maua yake huning'inia kama vipuli masikioni mwa bibi harusi.

Mama yake Mwinyi akaukabidhi, akasema, "Upandeni uani. Ukichanua, tutakuja na ngoma. Ukifa, basi hatukuandikiwa. Kila mtu ashike njia yake."

Akaenda zake.

Wakaupanda pahali pa heshima, kando ya mtungi. Mama Kazija akachota kata ya maji. "Karibu. Mgeni maji!" Chwaa!

Shangazi akapita. "Ndiye huyu mgeni? Mgeni maji!" Chwaa!

Jirani Makame, mtu wa kitambi na moyo mweupe, akaja na kata yake kutoka kwake. "Isije ikasemwa sikumkaribisha. Mgeni maji!" Chwaa!

Jani likageuka njano.

"Mama, tazama!"

"Ana kiu, maskini." Chwaa!

Yakawa njano mengine. Chwaa, chwaa! Shina likainama. Chwaa, chwaa, chwaa! Hofu inapanda, kata inashuka. Kazija hali, hanywi, anahesabu majani yaliyobaki kama mtu anayehesabu meno yake baada ya kuanguka.

Mwisho akakimbia kwa Bi Mwanamize. Huyu alikuwa bibi kizee msuka ukili wa mikeka. Hata akiwa anakugombeza, vidole vyake havisimami.

"Shikamoo, bibi. Mche unakufa!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeupa nini?"

"Maji."

"Na nini tena?"

"Maji tena."

Siku hiyo vidole vya Bi Mwanamize vikasimama.

Akaenda uani. Akachomeka kidole udongoni. Chubwi! Akakinusa. Akakunja uso.

"Kwao Mwinyi kukoje?"

"Mawe, bibi. Mawe na jua."

"Huko maweni, mgeni huyu nani humpelekea kata?"

Kazija akaitazama kata.

"Mnamzamisha kwa adabu," akasema bibi. "Nileteeni jembe na chungu kibovu."

Mama Kazija akaruka. "Bi Mwanamize! Mgeni anyimwe maji nyumbani kwangu? Watu watanionaje?"

"Watakuona una mkwe."

Jembe likainuliwa. Kazija akaushika mkono wa bibi. "Ukiung'oa ukafa?"

"Ukifa, sema Mwanamize kauua. Mimi sina mchumba wa kunikimbia."

Akaung'oa. Mizizi nusu imeoza. Akaikata iliyooza. Chunguni akatia kokoto, akatia mchanga, udongo kiduchu tu, akaupanda. Akauweka juu ya ukuta, juani.

Sasa, kazi ya mche ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa watu! Makame huyo, kata mkononi.

"Mgeni ma—"

"Shh!" Bi Mwanamize akamkatiza. "Mgeni amefunga."

"Amefunga? Mwezi gani huu?"

"Saumu ya nadhiri. Na mimi nimefunga naye."

Makame akaificha kata nyuma ya mgongo. Alikuwa anatafuna muhogo. Akaumeza mzima kwa aibu. Kijiji kizima kikapata habari. Watu wakawa wanapita pale kwa kunyata, wala hakuna aliyethubutu kula embe mbele ya oregano.

Na bibi hakusema uongo. Alifunga kweli. Jua likizama, tende moja kwake, kijiko kimoja cha maji kwa mche.

Lakini majani yakazidi kuanguka. Pu. Pu. Pu. Vikabaki vijiti. Mama Kazija akaanza kulia kimyakimya, kama mtu wa msiba asiyetaka kualika. Kazija akashika kata. Akaiweka. Akaishika.

Bi Mwanamize akakwaruza kijiti kwa ukucha. Ndani, kijani!

"Iweke kata, mjukuu wangu. Iweke."

Akaiweka.

Kikatoka kichipukizi. Yakaja majani. Ikaja harufu. Kisha maua, ya rangi ya waridi, yakaning'inia ukutani kama vipuli. Habari zikapanda vilimani.

Tindi-tindi-ti! Ngoma za vilimani hizo!

Makame akazisikia. "Nadhiri imetimia! Mgeni afungue!" Akaja mbio na ndoo. Nyuma yake shangazi na ndoo. Nyuma yao kijiji kizima, na ndoo! Kazija akafumba macho.

Bi Mwanamize akasimama mbele ya chungu. "Makame! Wageni hao mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope. Huyu ukutani keshakuwa mwenyeji."

Ndoo zikageuka. Mgeni maji! Wakwe wakanywa, wakanawa, wakanywa tena. Mama yake Mwinyi akayaona maua, akachuma mawili, akamvika Kazija masikioni.

Ndiyo maana mpaka leo wakimkumbuka Bi Mwanamize husema: kabla hujamjazia mtu kata, muulize kwao wanaishije.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokauka. Ikiwa mmeiona tamu, mshukuruni bibi yangu. Ikiwa mmeiona imelowa, oregano haina kosa: kata ninayo mimi.