Amana ya Dundu Aliyepinda

Mmenikalisha kitako tena niwaandikie kisa cha waja wema, kana kwamba sina dengu za kuchambua. Nawajua. Mnataka kile cha kuwatoa machozi kidogo, kisha mwende mkalale. Hiki hakilizi. Mimi kimenikasirisha tangu niliposimuliwa na marehemu mama yangu, Allah amrehemu, na asiyekasirika akimaliza kukisoma, akirudie.

Waliotutangulia wametupokeza, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mitende, kwenye njia ya mahujaji, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Rabab. Siku moja akichambua tende alimkuta dundu kilema. Gamba la mgongo limepinda, bawa moja limetokeza nje halikunjiki, na miguu ya upande mmoja imejisokota kama uzi uliopitiwa na moto. Akitembea, hupinduka, akipinduka, hawezi kujigeuza. Bi Rabab akamgeuza kwa ncha ya kidole. Akapinduka tena, akamgeuza tena. Mwisho akamtia katika chungu chenye mchanga, akawa anamlisha tende zilizoiva sana, na kila akitoka kwenye mswala humchungulia asije akawa chali.

Majirani wakamcheka. "Bi Rabab, huyo hata kuku hamtaki."

"Kuku hataulizwa kesho akhera," akawajibu. "Mimi nimekwisha kumwona. Nikaseme sikumwona?"

Haya. Mwaka ule akajaaliwa kwenda Hija. Mjini palikuwa na mtu aitwaye Shehe Mundhir, aliyesifika kwa kutunza amana. Msafiri hakutoka kabla hajamwekea mali yake, na desturi ilikuwa mwenye kupokea atamke mbele ya watu, "Nimepokea, na Allah ni shahidi." Bi Rabab akampelekea chungu.

"Ukimwona chali, mgeuze. Hana haja nyingine kubwa."

Watu walikuwa wakitazama, na Mundhir alipenda kutazamwa. Akasema, "Nimepokea, na Allah ni shahidi."

Kisha akakiacha chungu juani, akaenda kupokea amana za wakubwa. Dundu akapinduka. Hakuna aliyemgeuza. Akafa vivyo hivyo, tumbo juu.

Mundhir alipomwona, hakumwogopa Mungu, aliogopea jina lake. Akatoka kutafuta dundu mwingine aliyepinda, asimpate, maana viumbe vya Mungu havipindi kwa kukuridhisha wewe. Akaokota mzima, mweusi, anang'aa. Bi Rabab aliporudi, hata vumbi la safari hajalikung'uta, Mundhir akafunua chungu mbele ya kaumu.

"Nilimwombea dua," akasema, "Mola akamnyoosha."

Watu wakapiga takbiri. Uzembe wa mtu umevishwa kanzu, unaitwa karama.

Bi Rabab akamfuata faraghani. "Mundhir, huyu si wangu. Aibu ya Muislamu husitiriwa, nami nakusitiri. Tubu, uwaambie watu mwenyewe."

"Nenda ukaseme wewe," akamjibu. "Utaambiwa unakanusha uweza wa Mungu, bibi wa wadudu."

Bi Rabab akasubiri, akimwombea atubu. Lakini subira ina mpaka, msije mkadhani ni kunyamaza wakati mwenzenu anaumizwa.

Kwani habari ile ilimfikia mama mmoja wa kitongoji, jina lake Unaysa, mwenye binti aitwaye Lubaba. Mtoto alizaliwa na miguu isiyo na nguvu. Marehemu baba yake alimchongea magongo, na kwa magongo hayo alikuwa akienda chuoni, amekwisha kufika nusu ya msahafu. Mama akampeleka kwa Mundhir, naye akamwekea mkono kichwani, akamwambia mama, "Magongo haya ni shaka. Yachome, atatembea."

Mama akayachoma. Mtoto hakutembea. Chuo kikamshinda, na siku ya Ijumaa alikuja msikitini akijiburuta, magoti yamechubuka yanatoka damu, na Mundhir, bila haya, akamwambia mama yake, "Imani yako ni haba."

Bi Rabab aliyaona magoti yale. Akangoja imamu atoe salamu ya Alasiri, saa ambayo watu wa zamani walikuwa wakilishana yamini, akasimama nyuma ya safu, chungu mkononi.

"Shehe Mundhir, sikushitaki. Weka mkono juu ya msahafu useme, dundu huyu ndiye niliyempokea. Ukisema, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Mundhir akaunyoosha mkono. Ukabaki hewani. Lubaba, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa akimtazama mdomo, akingoja aseme ndiyo.

"Alikufa," akasema Mundhir. "Alipinduka, sikumgeuza."

Unaysa hakulia. Akauliza, "Na magongo ya mwanangu?"

Imamu akamgeukia Bi Rabab, akamwuliza anadai nini. "Mimi sidai kitu. Dundu alikuwa wa Mungu, na Mungu hasahau. Mdai ni yule mama."

Basi nanyi mnaosema "ni mdudu tu", sikilizeni. Dhahabu kila mtu huilinda, hata mwizi huilinda vizuri akishaiiba. Aliyekabidhiwa kiumbe dhaifu akamdharau, mikononi mwake hata mtoto wa watu hayuko salama. Mundhir alianza na mdudu, akaishia kwenye magoti ya Lubaba.

Mundhir akasema atachongesha magongo mapya. "Utachongesha," akajibu Unaysa, "lakini magoti hayaponi kwa seremala. Ulimwahidi mwanangu miguu. Utampa yako, mpaka ahitimu."

Imamu akapitisha. Kila alfajiri Mundhir akawa anatoka mjini hadi kitongojini, anamtia Lubaba mgongoni na kumpeleka chuoni, na adhuhuri anamrudisha, akipita katikati ya soko mbele ya wale wale waliokwisha kuja kuchukua amana zao. Alimbeba hivyo hadi sura ya mwisho. Na Lubaba alikuwa na ulimi.

"Kaza mwendo, Shehe," alikuwa akimwambia sokoni, kwa sauti ya kusikika. "Na usinipindue."